Kabla motokari haijakatwa, namba yake iandikwe

Ukisema Kenya hapa Lubumbashi, mtu wa Katuba anafikiria kwanza komine jirani, ile yenye soko. Lakini kuna Kenya nyingine, nchi ya Nairobi na Mombasa, na huko kuna habari ya motokari moja ambayo ingefaa isimuliwe katika kila garaji ya Katuba. Ni Volvo ya okazio, iliyokwisha kuendeshwa na wengine, ambayo mwaka 1965 ilishinda mashindano ya motokari yaliyoogopwa kuliko yote katika Afrika. Hapa Katuba ni nadra kusikia mtu akiitaja. Hata hivyo maisha yake yanafanana sana na maisha ya motokari zinazoingia kila siku kupitia Kasumbalesa: zilizaliwa mbali, zikachakazwa na wengine, zikafufuliwa na fundi.

Habari hiyo ina faida kwa Katuba leo, kwa sababu motokari nyingi za zamani zinazidi kutoweka katika parsele za komine hii. Zinakatwa vipande, zinapimwa kwa kilo, zinauzwa kama vyuma vikuukuu. Pamoja nazo linapotea jambo ambalo halipimwi kwa kilo: habari za wenye kuziendesha na za mafundi waliozitunza.

Mashindano ya Pasaka

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953. Waingereza waliokuwa wakitawala Afrika ya Mashariki walitaka kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wakayaita East African Coronation Safari. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 jina likawa East African Safari, na tangu 1974 watu wanaijua kama Safari Rally.

Hayakuwa mashindano ya kuzunguka kiwanja mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti. Madereva walikwenda mchana na usiku, maelfu ya kilomita, katika barabara zilezile za udongo ambazo malori na baisikeli zilipita. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, ambao huko ni wakati wa mvua. Mtu aliyewahi kukwama katika barabara ya udongo ya Katanga wakati wa masika hahitaji kuelezwa mengi. Mwaka 1963 ni motokari 7 tu zilizofika mwisho. Mwaka 1968 mambo yakawa yaleyale: motokari 7.

Tena, mwanzoni motokari zilipangwa katika makundi kwa kufuata bei yake ya dukani. Watu walitaka kuona ni motokari gani, kati ya zile ambazo mtu wa kawaida anaweza kununua, inayostahimili barabara za Afrika. Ndiyo sababu orodha ya washindi inasomeka kama orodha ya motokari ambazo wazee wa Lubumbashi walipanda wenyewe. Volkswagen ilifanya vizuri tangu mwaka wa kwanza. Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo aliyekuwa usukani ni Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975, kisha tena 1978. Hizo ni motokari zilizobeba abiria, mifuko ya unga wa mahindi na maharusi katika miji ya Kongo kwa miaka mingi.

Volvo iliyokuwa imezeeka kabla ya kushinda

Volvo ya mwaka 1965 iliitwa PV544. Mtu akiiona leo anadhani ni ya miaka ya vita, na hakosei sana. Umbo lake linatokana na PV444, ambayo kampuni ya Volvo iliionyesha watu wa Stockholm mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea Ulaya. PV544 yenyewe ilianza kutengenezwa mwaka 1958: mgongo wa mviringo, milango miwili, shavu nene mbele. Mnamo Oktoba 1965 Volvo iliacha kabisa kuitengeneza. Kwa hiyo mwaka ule iliposhinda Safari ulikuwa ndio mwaka wake wa mwisho kiwandani. Wapinzani wake walikuwa na motokari mpya zaidi.

Halafu motokari hiyo yenyewe haikuwa mpya hata kidogo. Timu ya Volvo ilikuwa imeitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia, 1964. Ilibaki Afrika ya Mashariki, ikanunuliwa na fundi aliyeitwa Joginder Singh. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant Singh wakaiingiza mbioni. Walimaliza wa kwanza, wakamwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Si dakika moja na nusu. Ni saa.

Joginder Singh alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, katika jamaa ya Masingasinga waliotoka Bara Hindi. Alijifunza kazi katika garaji ya baba yake. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye motokari cha Afrika ya Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia watu ambao motokari zao zimekwama. Fikiria mafunzo hayo. Alikuwa akiona kila siku ni kitu gani kinachovunjika kwanza, katika kilima gani, baada ya mvua ya namna gani. Alipoanza Safari mwaka 1959, alikuwa tayari anajua magonjwa yote ya motokari za nchi ile.

Alishinda tena mwaka 1974 na 1976, safari hizo akiendesha Mitsubishi Lancer. Aliingia Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Watu walimwita Simba wa Kenya. Alifariki London mwaka 2013. Wenye kupenda kasi wanasifu ushindi wake mara tatu, lakini fundi anayejua kazi atatazama hesabu ile nyingine: 19 kati ya 22. Kumaliza mara 19 katika mashindano ambayo mwaka mwingine motokari 7 tu zinafika ni ushahidi wa mtu anayesikiliza injini.

Ni nani anayeandikwa

Hapa ndipo ulipo ubishi. Motokari ya mbio ikizeeka, jina linalobaki ni la dereva na la kiwanda. Dereva ana picha, ana kikombe, ana gazeti. Kiwanda kina karatasi. Fundi aliyekaa chini ya motokari usiku kucha, akafunga springi kwa mwanga wa tochi, hana kitu. Joginder amekumbukwa kwa sababu alikuwa fundi na dereva kwa pamoja. Angekuwa fundi tu, akamkabidhi usukani mtu mwingine, leo jina lake lingekuwa limelala pamoja na majina ya mafundi mamia wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ambao bila wao hakuna motokari hata moja ingetoka kituo cha pili.

Tazama jinsi kiwanda kinavyotunza kumbukumbu zake. Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, waliokuwa wakaaji wa Kenya, ilirudishwa Japani. Iko Zama, katika ghala ambamo kampuni ya Nissan inaweka mamia ya motokari zake za zamani. Wafanyakazi wa Nissan waliifungua yote na kuifufua miaka mingi baadaye. Hilo ni jambo jema, na hakuna sababu ya kulionea wivu. Lakini somo lake liko wazi. Motokari iliyopata ukuu wake katika matope ya Afrika imehifadhiwa Japani kwa sababu huko kuna watu walioiandika, wakaiwekea nafasi, wakajua thamani yake. Ingebaki bila karatasi katika parsele ya mtu, ingekwisha kuwa masufuria.

Watu wengine husema motokari ni chuma tu, na chuma hakina historia. Wanaosema hivyo hawajawahi kufuata nyayo za motokari moja. Kazi hiyo ina utaratibu, nayo inafanana na kazi ya mzee anayetafuta ukoo wa mtu. Unaanza na jina, halafu jina la baba, halafu kijiji, halafu mashahidi.

Namna ya kufuata nyayo

Jina la motokari ni namba ya shasi. Plake ya barabarani haitoshi, kwa sababu plake hubadilika motokari ikihama nchi, ikibadilisha mwenyewe, au utawala ukibadilika. Na hapa utawala umebadilika mara nyingi: Kongo ya Wabelgiji, Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963, Kongo, kisha Zaïre tangu 1971, kisha Kongo tena tangu 1997. Motokari moja iliyoishi miaka hiyo yote inaweza kuwa na karatasi za nchi nne bila kutoka Lubumbashi. Namba ya shasi haikujali bendera.

Motokari zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 kwa kawaida zina namba ya herufi na tarakimu 17, ambayo ni utaratibu wa kimataifa. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na namba zake chenyewe, fupi, zilizogongwa kwenye chuma au kuandikwa kwenye kibati kidogo katika chumba cha injini. Motokari za Japani zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, zile zenye usukani wa kulia ambazo ni taksi nyingi za Lubumbashi, hazina namba ya 17. Zina alama ya aina ya motokari, kisha kistari, kisha namba yake. Fundi yeyote aliyewahi kuagiza kipuri anajua jambo hilo, hata kama hajawahi kuliita historia.

Baada ya namba ya shasi kuna namba ya injini. Zikilingana na karatasi za kiwanda, motokari imebaki na moyo wake wa kwanza. Zisipolingana, kuna mtu aliyeubadilisha, na huyo mtu ni sehemu ya historia. Baada ya hapo kuna karte roze, karatasi za duane, risiti za garaji, picha za arusi ambamo motokari imesimama nyuma ya bibi arusi. Mwishoni kuna mashahidi: mzee aliyekuwa dereva, jirani aliyeona siku motokari ilipoingia kwenye parsele, fundi aliyeichomelea sakafu mara tatu.

Kwa motokari za mbio kazi ni ngumu zaidi. Timu kubwa zilizoea kuhamisha plake na vipuri kutoka motokari moja hadi nyingine, kwa hiyo picha yenye plake fulani haitoshi kuwa ushahidi. Kuna pia watu wanaochukua motokari ya kawaida, wakaipaka rangi za timu, wakadai ndiyo iliyoshinda, kwa sababu motokari ya kweli ya mbio inauzwa Ulaya kwa bei mara nyingi zaidi ya ndugu yake wa kawaida. Mwenye 404 katika parsele ya Katuba asijidanganye kwamba amekalia utajiri kwa sababu tu 404 ilishinda Safari. Zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili. Historia isiyo na namba ni hadithi ya jioni tu.

Karatasi za Lubumbashi zilikwenda wapi

Hapa mtu anaweza kuuliza: mbona garaji za zamani za mji huu hazikutunza madaftari? Nyingi zilikuwa nayo. Lakini mji umepita katika miaka ambayo karatasi haikudumu. Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation, na maduka, mashamba na garaji za wageni zikapewa wenyeji. Wengi wa waliopewa hawakupewa ujuzi wa kuziendesha, na biashara nyingi zilikufa katika miaka michache. Biashara ikifa, daftari lake linafungia karanga. Kisha ukaja uporaji wa mwaka 1991, uliofika Lubumbashi pia, na ofisi nyingi zikabaki kuta tupu.

Kwa hiyo kumbukumbu ya motokari za mji huu, kwa sehemu kubwa, haiko tena katika kabati la chuma. Iko katika vichwa vya wazee. Mzee wa miaka 75 wa Katuba, aliyeanza kazi ya garaji akiwa kijana, anaweza kusema motokari fulani ilikuwa ya daktari gani, ikauzwa kwa mwalimu gani, ikaleta wagonjwa gani hospitalini. Akizikwa, habari hizo zinazikwa naye. Wajukuu wanabaki na gofu chini ya mwembe, kuku wanalala ndani yake, na siku moja anakuja mtu mwenye mizani.

Na mwenye mizani hana kosa. Hili lisemwe wazi, kwa maana kuna watu wanaopenda kuwalaumu maskini kwa kuuza vitu vya kale. Chuma kikiuzwa leo, mtoto analipiwa shule kesho. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia mama wa Katuba alinde gofu la motokari kwa ajili ya utamaduni wakati sufuria yake haina kitu. Mji ambao hauna mahali pa kuweka motokari za zamani hauwezi kudai kwamba raia wake wageuze parsele zao kuwa makumbusho.

Lakini kuandika namba hakuzuii kuuza. Kuna dakika kumi kati ya kukubaliana bei na kuwasha mashine ya kukata. Katika dakika hizo mtoto anayejua kusoma anaweza kusugua kutu kwa brashi ya waya, akanakili namba ya shasi na ya injini, akapiga picha tatu kwa simu, akamwuliza bibi motokari ilinunuliwa lini na kwa nani. Chuma kitaondoka. Habari itabaki.

Si kwa ajili ya motokari za mbio tu

Kuna wanaofikiri kwamba mambo haya ni ya matajiri wanaokusanya motokari za kale. Hawajaona shida za kila siku. Mjane anayetaka kuuza motokari ya marehemu mume wake anahitaji kuonyesha ni ya nani. Ndugu wakigombania urithi, daftari la fundi linaweza kuwa shahidi asiyekula rushwa. Kijana aliyenunua taksi ya okazio anahitaji kujua kama injini iliyomo ndiyo iliyoandikwa kwenye karte roze, kabla polisi wa barabarani hajamwambia. Motokari yenye historia inayojulikana inauzwa vizuri zaidi kuliko ile inayoletwa na maneno matupu, hata kama ni Toyota ya kawaida na si Volvo ya Joginder.

Zaidi ya yote, daftari linampa fundi jina. Katuba ina vijana wanaofungua injini kwenye udongo, bila jengo na bila kibao, na kurudisha uhai katika motokari ambazo mahali pengine zingetupwa. Mteja wao anawalipa, anaondoka, anasahau. Miaka ishirini wanafanya kazi na hawana karatasi hata moja ya kuonyesha waliyoyafanya. Kijana wa namna hiyo akienda kuomba kazi katika kampuni ya migodi, anaulizwa diploma. Angekuwa na daftari lenye motokari mia tatu, namba zake, ugonjwa wake na dawa aliyoitoa, angekuwa na jambo la kuweka mezani. Pengine halitoshi kuchukua nafasi ya diploma. Lakini ni bora kuliko mikono mitupu.

Waliowahi kufanya hivyo hapa hapa

Mtu asiseme kwamba kuandika historia ni kazi ya maprofesa au ya Wazungu. Mwaka 1965, mwaka uleule ambao ndugu wawili wa Kenya walishinda kwa Volvo ya okazio, watu wa Elisabethville walifanya jambo kubwa bila kelele. Watu waliokuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wabelgiji, waliojulikana kama maboi, waliandika historia ya mji huu wenyewe, kwa Kiswahili cha mji huu. Jina la André Yav ndilo lililoandikwa kama mtungaji, na kitabu chenyewe kinaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Waliandika walivyoona mji kutoka jikoni na uani, si kutoka ofisi ya gavana. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo kinasomwa katika vyuo vikuu vya mbali.

Hakuna aliyewapa ruhusa. Hawakungoja mradi wala mfadhili. Walijua kwamba waliyoyaona yana thamani, na kwamba wasipoyaandika wao, mwenye nyumba hatayaandika kwa ajili yao. Kama mpishi na mfua nguo wa mwaka 1965 waliweza, fundi wa mwaka huu mwenye simu yenye kamera anaweza pia.

Kinachohitajika

Kazi yenyewe ni ndogo. Kila garaji ya Katuba, hata ile ya chini ya mti, iwe na kaye moja. Kwa kila motokari inayoingia iandikwe tarehe, aina, mwaka kama unajulikana, namba ya shasi, namba ya injini, kazi iliyofanywa na jina la fundi aliyeifanya. Jina la mteja liandikwe kama yeye mwenyewe anakubali, kwa sababu si kila mtu anataka mali yake ijulikane na mtaa mzima. Kwa motokari ya zamani, iliyozidi miaka 30, iongezwe kurasa mbili: imepitia kwa nani, imefanya kazi gani, wazee wanakumbuka nini juu yake.

Shule za ufundi zinaweza kuwapa wanafunzi kazi ya kutafuta motokari moja ya zamani katika mtaa wao na kufuata nyayo zake mpaka kiwandani. Watajifunza kusoma namba, kuhoji wazee kwa heshima, na kutofautisha ushahidi na porojo. Ofisi ya burgumestre inaweza kutoa rafu moja ya kuweka nakala za kaye hizo. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambayo yanatunza vitu vya kale vya mababu, yangepata humo habari za watu wa karne iliyopita walioishi kwa spana na grisi. Hakuna kati ya mambo hayo linalohitaji bajeti ya Kinshasa.

Watakaosema kwamba katika parsele za Katuba hakuna motokari ya maana ya kuandikwa, wajibiwe kwa mfano wa Volvo ile. Mwanzoni mwa 1965 ilikuwa motokari ya umbo la zamani, iliyochoka na iliyoachwa na timu yake, katika mikono ya fundi. Mtu angeitazama siku hiyo, asingeona sababu ya kuiandika. Wiki chache baadaye, Afrika ya Mashariki yote ilikuwa inaitaja. Thamani ya motokari, kama thamani ya mtu, haionekani kila siku usoni. Ndiyo maana daftari huandikwa mapema.

Kwa sasa mahali pa kuanzia ni palepale penye gofu. Mwenye nalo achukue brashi ya waya, asugue kibati katika chumba cha injini, na anakili anachokiona kabla mwenye mizani hajafika.